Kulijenga upya na kulipanua banda la gari la mzee, Kikuyu Dodoma: nilichokikuta chini ya ukuta

Mwana wa Kikuyu

Wakuu, mbukwenyi.

Nyuzi za ujenzi za jukwaa hili zimenifaa sana miaka yote, leo naleta la kwangu. Ni refu kidogo, nivumilieni.

Nyumba ya mzee ipo Kikuyu, hapa Dodoma mjini. Kiwanja alipewa enzi za CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, akajenga mwaka 1986. Ubavuni mwa nyumba akaweka banda la gari lililoegemea ukuta wa chumba cha wageni. Wakati ule gari lilikuwa moja, Land Rover, kwa hiyo banda lina upana wa mita 3 na urefu wa mita 5.2. Kuta ni tofali za kuchoma zilizofungwa kwa udongo, juu yake plasta ya saruji. Sakafu ni zege jembamba lililokwisha kugawanyika vipande. Mzee alishatangulia mbele ya haki, mama bado anaishi pale na ndiye mwenye nyumba.

Sasa nina Hilux, dada ana Noah, na jioni nikitoka kazini natengeneza pampu za visima. Nahitaji magari mawili yalale ndani na meza ya kazi ibaki na nafasi. Nataka ndani iwe mita 6 kwa 7.

Fundi wa kwanza niliyemwita alizunguka mara moja, akagonga ukuta kwa kiganja, akasema: tunavunja ukuta wa nje tu, kuta mbili zilizobaki zipo imara, tunaunganisha na mpya, wiki tatu kazi imekwisha. Bei yake ilikuwa nzuri. Kinachonizuia kumpa kazi ni ufa ulioko kwenye kona ambapo banda linakutana na nyumba. Umeanza chini, unapanda kwa mshazari mpaka karibu na dirisha la chumba cha wageni. Chini ni mwembamba kama wembe, juu kidole changu cha mwisho kinaingia.

Je, nizitumie kuta za zamani au niangushe zote nianze upya? Kaka yangu mkubwa aliyeko Dar anasema niangushe. Mama anasema ukuta uliosimama miaka yote hii uachwe. Nawasilisha.

Pima Maji

Mkuu, kabla hujasikiliza jibu la mtu yeyote hapa, mimi nikiwemo, chukua sululu. Chimba shimo pembeni mwa ile kona, upana wa kumtosha mtu mmoja kuchuchumaa, shuka mpaka uone mwisho wa msingi. Pima. Kisha chukua udongo uliokuwa chini ya msingi, si ule wa juu, uloweshe, uuviringe kiganjani uwe kama kamba nyembamba, halafu uupinde uwe pete. Njoo utuambie.

Ufa unaopanda kwa mshazari na kupanuka kadiri unavyopanda, mara nyingi maana yake upande mmoja umezama au umeinuliwa. Wa kugonga kwa kiganja hawezi kulijua hilo.

Saidia Fundi

Nawaheshimu wote, ila mimi namuunga mkono mama. Tofali za kuchoma za zamani zilichomwa kwa kuni za kutosha, zinalia kama chuma ukizigonganisha. Bloku za siku hizi unaokota moja inakatikia mkononi kwa sababu mtu amefyatua tofali 45 kwa mfuko mmoja wa saruji. Usikimbilie kuvunja kitu kizuri.

Pima Maji

Saidia Fundi, kwenye tofali tupo pamoja kabisa. Tofali ni nzima. Mimi nauliza kuhusu kilichoibeba.

Zabibu Mbivu

Mkuu, nigusie jambo ambalo watu wa hapa Dodoma tunalisahau. Kama kiwanja ni cha CDA cha mwaka 1986, hati zile zilikuwa za miaka 33. Maana yake ya mzee ilifika mwisho 2019. CDA ilivunjwa Mei 2017, kazi zake zikaenda kwa manispaa ambayo sasa ni Jiji, na wamiliki wakaruhusiwa kupata hati za miaka 99. Hakikisheni hilo limekamilika na jina ni la mama kama mirathi imefungwa, ndipo muombe kibali cha ujenzi. Kupanua banda kutoka gari moja hadi mawili si ukarabati wa kupaka rangi. Ni jengo jipya, linahitaji mchoro na kibali. Na kabla ya mchoro tafuteni bikoni zenu, yaani zile alama za mipaka ya kiwanja. Uzio wa jirani usiufanye kuwa ndio mpaka.

Mwana wa Kikuyu

Zabibu Mbivu, nakushukuru sana. Hati tulibadilisha, ipo kwa jina la mama. Bikoni mbili za mbele zinaonekana. Ya nyuma tuliipata chini ya kichaka cha mnyaa, imezama karibu shubiri nzima. Kutoka ukuta wa nyumba mpaka mstari wa bikoni upande ule ni mita 9.4.

Pima Maji, kesho Jumamosi nachimba mwenyewe.

Mwana wa Kikuyu

Wakuu, mrejesho wa shimo.

Nimeanza saa 12 asubuhi kabla jua halijakaza. Sentimita 20 za kwanza ni kifusi na changarawe. Baada ya hapo udongo ukabadilika rangi, ukawa wa kijivu cheusi, mgumu kama tofali lililokauka. Sululu ilikuwa inatoa mabonge yenye pembe kali, yamemetameta upande mmoja kama yamepigwa msasa. Kati ya bonge na bonge kuna nyufa. Nilichomeka kipande cha nondo kwenye ufa mmoja, kikashuka karibu futi moja bila kusukumwa.

Msingi wa banda unaishia sentimita 35. Narudia, 35. Ni kozi (mistari) mbili za mawe, chini yake hakuna zege, mawe yamekaa juu ya udongo huohuo. Msingi wa nyumba, nilioufikia upande wa pili wa shimo, unashuka mpaka sentimita 90 na una zege chini. Kwa hiyo mzee alijenga nyumba kwa uangalifu, banda akaliweka baadaye kama kibanda tu. Simlaumu. Lilikuwa la kufunika gari moja, na lilifanya kazi hiyo.

Udongo wa chini niliulowesha nikauviringa. Ulitoka kamba nyembamba kama kalamu, nikaipinda ikawa pete kamili, haikukatika wala kupasuka pembeni. Mikono ilikataa kutakata kwa maji matupu mpaka nilipotumia sabuni.

Jambo lingine nililoliona nikiwa nimechuchumaa mle ndani: juu ya kichwa changu, mahali paa la banda linapokutana na ukuta wa nyumba, hakuna gata. Maji yote ya paa la nyumba upande huo yanamwagikia juu ya banda, yanateleza, na yanaangukia kona ileile yenye ufa. Kila masika, miaka 30 na ushee. Nimepita hapo tangu nikiwa mtoto na sijawahi kulitazama.

Pima Maji

Mkuu, shimo lako limejibu kuliko sisi sote. Huo ni udongo wa mfinyanzi unaovimba. Ukinywa maji unapanda, ukikauka unanywea na kupasuka. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, tuseme kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba mpaka Aprili, kisha miezi saba hivi ya ukavu mtupu. Kwa hiyo kila mwaka ardhi hiyo inapumua mara moja kwa nguvu. Msingi wa sentimita 35 umo ndani ya tabaka linalopumua. Msingi wa nyumba uko chini zaidi, unatikiswa kidogo. Ukuta mmoja unacheza, mwingine umetulia, na umeunganishwa kwenye kona. Kona ndiyo inayolipa.

Uzee wa tofali haukuhusika hapo. Lililofanya uharibifu ni maji, na yaliingilia juu.

Sasa fikiria yule fundi angekuunganishia ukuta mpya wenye msingi mzuri na kuta mbili za sentimita 35. Ungepata kona mbili nyingine zenye nyufa.

Ushauri wangu: usiegemeze tena banda kwenye nyumba. Una mita 9.4. Acha kijia cha sentimita 90 kati ya nyumba na banda, jenga banda linalosimama lenyewe. Ndani mita 6, kuta mbili za inchi 6, kijia, jumla ni mita 7.2. Unabakiwa na mita 2.2 mpaka kwenye mpaka.

Saidia Fundi

Naondoa hoja yangu ya kuta kubaki. Sikujua msingi umeishia hapo. Ila tofali zenyewe mkuu usizitupe. Zifungue taratibu, udongo unatoka kwa kugonga tu kwa mpini wa nyundo. Utapata za kutosha kutandika kile kijia.

Bi Ilazo

Samahani wakuu, mimi si fundi, ni mpangaji wa zamani wa nyumba za Area C na jambo hili linaniuma. Ndugu Mwana wa Kikuyu, paa la banda la mzee ni la bati la kawaida au ni yale mapande mazito ya kijivu, kama ya saruji, yenye mawimbi makubwa? Nyumba nyingi za miaka ile zilipauliwa kwa asbesto. Kama ni hayo, tafadhali usiruhusu vijana wayavunje kwa nyundo na kuyatupa chini. Vumbi lake lina nyuzi ndogo zisizoonekana, ukizivuta zinakaa kwenye mapafu na madhara yake, ikiwemo saratani, hujitokeza hata baada ya miaka 20 au zaidi.

Mwana wa Kikuyu

Bi Ilazo, Mungu akubariki. Ni hayohayo ya kijivu! Mapande tisa. Vijana walikuwa waje Jumatatu kuyaangusha. Nimewasimamisha. Nifanyeje?

Bi Ilazo

Nenda kwa ofisa mazingira wa Jiji umweleze, akuelekeze yanakopelekwa. Yasiende kwenye jaa la mtaani, wala asipewe jirani wa banda la kuku anayeyaomba. Siku ya kuyatoa mama na watoto wasiwepo. Yaloweshwe maji kwanza na yabaki mabichi muda wote, misumari ing'olewe au ikatwe kichwa, kila pande lishushwe zima kwa mikono miwili, lifungwe kwenye nailoni nene mara mbili. Barakoa za kitambaa hazifai, zitafuteni zile za kuchuja vumbi laini zinazobana uso. Hakuna kukata, hakuna kufagia pakavu. Nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za familia.

Mwana wa Kikuyu

Imefanyika. Mapande tisa, yote mazima isipokuwa moja lililokuwa na kona iliyomeguka zamani. Mama alilala kwa dada Nzuguni siku mbili.

Kuta tulizifungua kwa mikono. Saidia Fundi alisema kweli, tofali zaidi ya 900 zimetoka nzima, nimezipanga chini ya mwembe. Mama alikuja akaziangalia, akazihesabu kwa macho, akasema basi hazijapotea. Tangu siku hiyo hajanung'unika tena.

Kuna jambo dogo lilinichelewesha: bomba la maji taka la bafu lilikuwa linapita palepale ambapo sakafu mpya itakaa, na chemba moja ipo katikati. Nimelihamisha lizunguke nje. Ukiwa na banda linalopanuka, tafuta mabomba yako kabla ya kuchora msingi.

Kibali kimetoka. Sasa naingia kwenye msingi. Pima Maji naomba unipitishe.

Pima Maji

Shuka mpaka udongo mweusi uishe. Usiniulize ni futi ngapi, ardhi ndiyo itakayokwambia. Ukikuta tabaka jekundu lenye changarawe ambalo sululu inaruka, simama hapo. Mtaro uwe na upana wa sentimita 60. Zege la chini sentimita 20, mchanganyiko wa moja, mbili, nne (saruji, mchanga, kokoto), nondo tatu za mm 12 zikiwa zimenyanyuliwa kwa vijiwe vya zege, zisilale kwenye udongo. Juu yake mawe, na kwa mawe ya granaiti Dodoma hatuna shida. Juu ya mawe mkanda wa zege wenye nondo nne. Juu ya kuta, usawa wa linta (boriti ya juu ya milango), mkanda mwingine unaozunguka wote bila kukatika. Sisi tupo kwenye tawi la mashariki la Bonde la Ufa, tetemeko likipita mkanda ndio unaozishika kuta kama pipa linavyoshikwa na pete zake.

Ndani ya sakafu, udongo mweusi utoe angalau nusu mita, jaza moramu (udongo wa changarawe), shindilia kwa tabaka za sentimita 15 kila moja ikiwa na unyevu kidogo. Ule mweusi usiurudishe ndani hata toroli moja.

Milango: usitamani mlango mmoja wa mita 5. Uwazi huo unataka boriti kubwa yenye hesabu ya mhandisi. Weka nguzo katikati, milango miwili ya mita 2.6. Nguzo ya katikati sentimita 30, za pembeni 25 kila moja. Jumla yako mita 6 kamili.

Fundi Mchanga

Naomba niongeze moja. Pima mchanga wako kabla haujashushwa. Mchanga wa makorongo ya huku unakuja na matope, hasa ukichotwa pembeni mwa korongo badala ya katikati. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyo wazi, jaza mchanga nusu, ongeza maji na kijiko cha chumvi, tikisa sana, iweke dirishani mpaka kesho. Mchanga utakaa chini, matope yatakaa juu yake kama utandu wa uji. Yakizidi asilimia 8 ya kimo cha mchanga, mwambie dereva ageuze.

Mwana wa Kikuyu

Fundi Mchanga, nimefanya. Lori la kwanza: mchanga sentimita 10, utandu sentimita 2. Dereva alikasirika, nikamwonyesha chupa. Akakaa kimya, akaichukua mkononi, akaigeuza kwenye mwanga. Akaniambia anajua pa kwenda. Lori la pili utandu ulikuwa kama unene wa sarafu. Chupa zote mbili bado zipo dirishani kwa mama.

Udongo mweusi uliisha mita 1.1 upande wa mbele na mita 1.3 upande wa nyuma. Chini yake ni jekundu lenye changarawe kweli, sululu inatoa cheche.

Mkulima wa Hombolo

Nafuatilia huu uzi kutoka shambani. Mkuu, ukifika kwenye sakafu tafadhali usimwage zege mchana. Nilimwaga la ghala langu mwezi Agosti saa 5 asubuhi, upepo wa huku unavuma jua likiwaka, kufika saa 8 lilikuwa na mipasuko kama tope la bwawa lililokauka. Fundi akaniambia ni kawaida. Si kawaida.

Mwana wa Kikuyu

Pole sana ndugu. Nimelichukua.

Sakafu tumemwaga jana. Mita 6 kwa 7, unene sentimita 10, ni mita za ujazo 4.2, saruji mifuko 27. Chini ya zege kuna nailoni nzito ya kuzuia unyevu, juu yake wavu wa chuma wa BRC ulionyanyuliwa. Sakafu inateremka kuelekea milangoni, sentimita 7 kwa mita zote 7, ili gari likiingia na maji ya mvua yatoke yenyewe.

Mapipa ya maji tulijaza usiku. Saa 11 alfajiri mashine ya kuchanganyia iliwashwa kwa taa, saa 3 asubuhi tulikuwa tunasawazisha. Upepo ulianza kama saa 4, tulikuwa tumeshaning'iniza maturubai upande wa kusini mashariki kunakotoka upepo. Zege lilipoanza kushika, magunia mabichi yakatandazwa. Leo asubuhi tumekata mistari ya kina cha sentimita 2.5 kugawa sakafu vipande vinne, ili likitaka kupasuka lipasukie kwenye mstari. Magunia yatakaa mabichi siku saba, na gari haliingii kabla ya siku 28. Mama amejipa kazi ya kumwagilia saa 4 na saa 10. Hakosi.

Kijana wa Spana

Mkuu mbona hukuweka shimo la kukagulia gari? Wewe ni mtu wa pampu na spana, ungepata mahali pa kusimama chini ya gari.

Mwana wa Kikuyu

Nilitamani sana. Nikakataa kwa sababu mbili. Kwanza, ningechimba kisima kwenye udongo uleule, kuta zake zisukumwe kila masika. Pili, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kutulia shimoni, cheche moja ya swichi au taa inatosha. Nitatumia stendi za chuma na jeki nzuri. Kwa sababu hiyohiyo nimeacha matundu ya hewa chini, usawa wa kozi ya pili, na mengine juu chini ya paa. Na injini haitaunguruma humo milango ikiwa imefungwa. Ile gesi ya sumu isiyo na harufu iliyomo kwenye moshi wa injini imeshaua watu wakiwa wamekaa tu kwenye kiti.

Zabibu Mbivu

Na paa je? Upepo wa Dodoma nauogopa kuliko mvua.

Mwana wa Kikuyu

Paa la mteremko mmoja, linashuka kwenda upande usio na nyumba. Mbao ni za paini kutoka Sao Hill, zimewekwa dawa kiwandani. Mchwa wa Kikuyu nawajua. Watu walinishauri nipake oili chafu, nikakataa, inadondoka ardhini na mama ana mchicha pale nyuma. Kwenye mkanda wa juu tuliacha vyuma vya mm 8 vikiwa vimesimama kila mita moja na ushee, tukavikunja juu ya mbao ya ukutani na kuvifunga. Kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba bati, nayo imefungwa kwenye mbao hiyo, haikupigiliwa msumari tu. Upepo ukitaka paa itabidi ung'oe na ukuta. Bati geji 28. Geji 30 ni rahisi zaidi lakini ni nyembamba, inapiga kelele na kujipinda kwenye misumari.

Gata ni upande mmoja, linaingia kwenye tangi la lita 5,000. Nimepiga hesabu: paa ni kama mita za mraba 56, mvua ya Dodoma kwa mwaka ni kama milimita 570, ukiondoa yanayopotea unapata karibu lita 25,000. Mji huu maji yake mengi yanatoka visima vya Mzakwe na sote tunaijua ratiba ya mgawo. Sikuona sababu ya kuyaacha maji hayo yaendelee kula kona ya nyumba. Paa la nyumba nalo upande ule nimeliwekea gata, hilo ndilo lililotakiwa tangu mwanzo.

Umeme amefanya fundi mwenye leseni ya EWURA: taa nne, soketi tatu zilizowekwa usawa wa kifua, waya wa ardhi na kikata umeme chake.

Nkuhungu Mpya

Mkuu, weka gharama, wengine tunajipanga.

Mwana wa Kikuyu

Bei zinabadilika kila mwezi, naweka idadi ili kila mtu apige kwa bei ya siku yake. Saruji mifuko 114 kwa kila kitu: msingi, mikanda, kuta, sakafu, plasta. Bloku za inchi 6 nilinunua 600, zimebaki 22. Nilizimwagilia siku saba kabla hazijajengwa. Nondo mm 12 vipande 30. Kenchi sita. Kilichokula hela kuliko nilivyotarajia ni kuchimba na kuondoa udongo mweusi, malori manane, pamoja na moramu ya kujazia. Ukiwa na udongo kama wangu, tenga hela hiyo kwanza kabla hujaota milango.

Siku ni 74, si wiki tatu. Humo kuna siku ambazo zege lilikuwa linakomaa na hakuna mtu aliyefanya kazi.

Pima Maji

Na ule ufa wa chumba cha wageni? Umeuziba?

Mwana wa Kikuyu

Sijauziba bado. Nimebandika vipande vitatu vya kioo chembamba vinavyovuka ufa, kwa gundi ngumu, kimoja chini, kimoja katikati, kimoja karibu na dirisha. Pembeni nimeandika tarehe kwa kalamu ya risasi. Ukuta ukicheza kioo kitavunjika.

Mvua ya kwanza imepiga juzi usiku, saa nzima. Nilitoka na tochi. Kijia cha tofali za mzee kilikuwa kinapeleka maji mbele kama kilivyotakiwa, gata zote mbili zinakimbia, sakafu kavu, tangi lilipanda karibu lita 900. Nikaenda kumulika vioo. Vyote vitatu vizima.

Lakini hiyo ni mvua moja, na udongo haujashiba. Nitavikagua kila Jumapili mpaka Aprili mvua ikikata, na nitarudi hapa kuwaambia kilichovunjika na kilichosimama, ndipo niuzibe.